Nakala Tatu za Kila Picha

Baba yangu alifariki mwaka 2011, na historia ya maisha yake iliandikwa usiku mmoja, kwa muda wa saa sita, na watu watano ambao hawakuyajua waliyokuwa wakiyaandika. Simlaumu mtu, kwa sababu mmoja wa hao watano nilikuwa mimi, na kalamu niliishika mimi.

Kwetu magharibi mwa Kenya, na hata huku Nakuru nilikokulia, mazishi hayaendi bila kijitabu: jalada lenye picha ya marehemu, utaratibu wa ibada, nyimbo, kisha kurasa mbili tatu za wasifu ambazo mjukuu mwenye sauti nzuri huusomea umati huku waombolezaji wakifuatisha kwa kidole. Kwa familia nyingi ninazozifahamu, hicho ndicho kitabu cha kwanza na cha mwisho kuandikwa kumhusu mtu wao. Mchapaji alitaka kila kitu kimfikie kabla ya saa nne asubuhi, ili gari la maiti likiondoka kuelekea nyumbani Webuye vijitabu viwe ndani ya boksi. Tuliketi sebuleni na chai yetu, tukagundua kwamba hatukuwa na picha wala tarehe.

Picha iliyokuwa karibu ilikuwa ya kitambulisho, ndogo kama stempu, ambamo Baba anaonekana kama mshtakiwa aliyekwisha kukata tamaa ya rufaa. Mpwa wangu aliipiga kwa simu, akaikuza mpaka uso ukawa ukungu. Kuhusu kuzaliwa, kitambulisho kilisema 1 Januari 1941. Wazee wengi wa umri wake, ukifuata vitambulisho, walizaliwa siku hiyo hiyo ya mwaka mpya, kwa maana karani aliyewaandikisha alikuwa na nafasi tupu za siku na mwezi, nao hawakuwa na la kumwambia. Binamu yetu alisema tuiandike hivyo hivyo, tukaiandika. Mwaka wa kutahiriwa tuliukisia kwa kuongeza miaka 10 juu ya huo wa kuzaliwa, tukapata 1951.

Siku ya maziko, msomaji alipofika kwenye neno Januari, Senge, dada mkubwa wa Baba, aliinua kichwa pale alipoketi chini ya turubai, akauliza kwa sauti iliyowafikia hata wanakwaya, "Nani huyo aliyezaliwa kiangazi?" Miongoni mwa Babukusu majina mengi hubeba majira: Wafula na Nafula ni wa mvua, Wekesa na Nekesa ni wa mavuno, Simiyu na Nasimiyu ni wa kiangazi. Jina la Baba lilikuwa la mvua, na Januari kwetu ni vumbi. Msomaji aliposonga mbele hadi 1951, mzee mmoja wa rika la Maina, rika la Baba mwenyewe, alicheka waziwazi pale msibani, kwa sababu tohara yetu hufanyika Agosti ya miaka ya shufwa, na hakuna Mbukusu aliyetahiriwa kijadi mwaka wa witiri. Baba mdogo naye alimgeukia Senge akamwambia kwamba jina la mvua lilikuwa la kurithi kutoka kwa marehemu mmoja wa ukoo, kwa hiyo halithibitishi majira yoyote. Wakabishana kwa heshima mpaka mchungaji akakohoa.

Lililoniuma zaidi ni kwamba kazi yangu ilikuwa masjala. Kwa miaka 26 nilikuwa nimetunza majalada katika ofisi moja ya serikali hapa Nakuru. Nilijua jalada la kiwanja cha mtu nisiyemfahamu liko rafu gani, na barua iliyokosa tarehe niliirudisha kwa aliyeiandika. Baba, baada ya kustaafu, alizoea kunipitia jioni, akiketi kwenye benchi la wageni hadi nifunge kabati twende nyumbani, na kwa siku zote hizo hapakuwa na jalada lenye jina lake popote isipokuwa lile la pensheni.

Wazee wetu walikuwa na chombo bora kuliko kijitabu. Mzee mwenye hadhi alipozikwa, siku chache baadaye aliitwa bingwa wa khuswala kumuse, ambaye angesimama uwanjani na fimbo yake, akitembea huku na huko mbele ya watu walioketi kimya, akisimulia chimbuko la koo, nani alimzaa nani, nani alihama kutoka wapi na kwa ugomvi gani, na kuwaonya walio hai. Hakuwa na karatasi. Si kila ukoo una kipawa hicho, na mabingwa waliobaki wamepungua sana. Sisi hatukumwita, kwa kuwa baadhi ya ndugu waliona si jambo la kanisani. Basi tuliacha kisomo cha wazee, na kile cha karatasi tukakifanya vibaya.

Yafaa nieleze kwa nini hatukuwa na picha, kwa sababu zamani tulikuwa nazo. Albamu ya Baba ilikuwa nene, yenye jalada la rangi ya damu ya mzee, kurasa nyeusi, na vipembe vidogo vya karatasi vilivyoshika kila picha pembeni, nayo ilikaa kwenye kabati chini ya televisheni. Mwishoni mwa Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipoingia mitaa ya Nakuru, tuliondoka na kile ambacho mikono iliweza kushika: vyeti vya shule, hati ya kiwanja, blanketi mbili, dawa za presha za Mama. Tulilala kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo pamoja na maelfu ya wengine. Hakuna aliyeikumbuka albamu. Tuliporudi, nyumba ilikuwa imesimama lakini tupu, na picha saba tulizipata mtaroni. Sitalirefusha hilo.

Mlango ulifunguliwa na Mama, miezi kadhaa baada ya matanga, aliponikuta nikizipanga zile saba juu ya meza kwa mara ya mia. "Lakini hizo hazikuwa zetu peke yetu," akasema. "Studio ilikuwa ikitoa tatu." Baba alipokuwa kijana katika shedi ya injini za reli hapa Nakuru, studio aliyoipenda, ya Mhindi mmoja mjini, ilimpa nakala tatu za kila picha kwa bei moja. Ya kwanza ilibaki albamuni. Ya pili ilipanda gari moshi ndani ya bahasha, ikapita Timboroa na Eldoret hadi kwa wazazi wake. Ya tatu alipewa Senge, aliyeolewa upande wa Kitale, au mwenzake wa kazi, ikiwa naye alikuwa amempa yake. Kwa hiyo tuliopoteza albamu tulikuwa tumepoteza theluthi moja tu, na hizo nyingine mbili zilikuwa katika masanduku ya watu.

Nilianza na Senge. Nilikwenda Kitale na maswali 40 niliyoyapiga chapa ofisini, yamepangwa kwa miaka, kila moja na nafasi ya jibu. Senge alisikiliza matatu, akajibu "ndiyo", "sijui" na "hapana", kisha akaniuliza kwa upole, "Mayi, umekuja kuniandikisha au kunitembelea?" Niliikunja karatasi. Jioni, baada ya ugali, alivuta sanduku la bati kutoka uvunguni, na ndani, katika magazeti yaliyogeuka manjano, mlikuwa na picha 31. Nilipomwekea moja mkononi bila kumwuliza chochote, alizungumza kwa saa nzima. Picha ilimwonyesha bibi harusi na watu wanne. Yeye akaniambia juu ya mtu wa tano aliyekuwa nje ya picha, akiwafukuza kuku wasipite mbele ya kamera, na kwamba huyo ndiye aliyelipa mahari ya bibi harusi yule. Tangu jioni hiyo sijawahi tena kwenda kwa mzee na maswali. Nakwenda na picha, naiweka mkononi mwake, nawasha kinasa sauti cha simu baada ya kumwomba ruhusa, nami nakaa kimya.

Katika sanduku hilo pia nilijifunza adabu ya penseli. Jamaa fulani mwenye nia njema alikuwa ameandika majina nyuma ya picha kwa kalamu ya wino, akikandamiza, na sasa shavu la nyanya yangu, ambaye kwa Kibukusu tulimwita Kukhu, lina herufi zinazosomeka kinyumenyume kutoka upande wa pili. Mimi hutumia penseli laini, kwenye ukingo, picha ikiwa imelazwa kifudifudi juu ya kioo au meza ngumu, nami huandika vitu vitatu tu: waliomo kutoka kushoto, mahali, na jina la aliyeniambia. Kitu hicho cha tatu sikukianza mapema, na nitaeleza kilivyonigharimu.

Kutoka Kitale, njia ilinipeleka Kisumu. Nyuma ya picha moja ya Senge palikuwa na jina la mwenzake Baba wa shedini, na kwa kuuliza wastaafu wa reli mmoja baada ya mwingine nilimpata, mzee Mjaluo mwenye miaka zaidi ya 80, akiishi Manyatta. Alikuwa amefanya kazi Nakuru pamoja na Baba mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na shirika la pamoja la reli likagawanyika, ndipo akahamishiwa kwao. Alinikaribisha kwa samaki, akaniita nyathina, mtoto wangu, kisha akanionyesha ukutani picha ya vijana wanane wakiwa wamesimama mbele ya injini ya mvuke. Picha ilikuwa imegandamana na kioo cha fremu kwa unyevu wa miaka mingi ya upepo wa ziwa, naye alikuwa tayari kuibandua kwa kisu ili anifurahishe. Nilimsihi asiiguse. Tuliitoa barazani penye kivuli, tukaiegemeza ukutani, nikaipiga kupitia kioo hicho hicho, nikiinamisha simu kidogo ili mng'ao wa mbingu usiingie. Kofia ya Baba inaonyesha herufi EAR&H, za Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na kwa kuwa reli na bandari zilitenganishwa mwaka 1969, nilijua picha ni ya kabla ya hapo, hata kabla mzee hajasema neno. Vivyo hivyo picha zenye muhuri wa Broderick Falls ni za wakati ambao Webuye haikuwa imeanza kuitwa Webuye katika maandishi ya watu wa picha. Tarehe nyingi tulizozipata tulizipata hivyo, kwa kofia, kwa muhuri, kwa jina la mji.

Mzee yule alikuwa na jambo jingine la kunionyesha. Kila mtoto wa nyumba yetu amelelewa akiisikia hadithi ya koti la Baba, koti jeusi lenye vifungo vinavyong'aa alilovaa kwenye picha ile kubwa ya studio, redio ikiwa kando yake juu ya stuli, nasi tuliambiwa alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Mzee alifungua bahasha akatoa picha yake mwenyewe. Alikuwa amevaa koti hilo hilo. Redio ilikuwa ile ile. Kisha akatoa ya tatu, ya kijana mwingine, na koti likiwa fupi mikononi. "Lilikuwa la studio," akasema huku akicheka hadi machozi. "Jumamosi ile tulipanga foleni watano. Baba yako alikuwa wa pili, ndiyo maana limemkaa vizuri. Mimi nilikuwa wa tano, lilikuwa limelowa jasho." Nilirudi Nakuru na habari hizo kama mtu aliyebeba yai, nikamwambia Mama. Alinitazama kwa muda, akasema, "Alinioa akiwa na koti hilo," akaendelea kuchambua maharagwe.

Albamu za baadaye, za miaka ya 1980, zile zenye kurasa za gundi na plastiki ya kufunika, zilikuwa mateso ya aina nyingine. Dada yangu alikuwa na tatu, nasi tulizihesabu kuwa salama kwa sababu zilikuwa mpya. Gundi yake ilikuwa imegeuka manjano na kuzishika picha kama utomvu, na ya kwanza niliyoivuta kwa kucha iliniachia nusu ya uso wa kaka yetu. Baadaye nilifundishwa kutumia uzi wa kusafishia meno, unaupitisha kati ya picha na ukurasa na kuusogeza polepole kama msumeno, na picha inayokataa kabisa unaiacha mahali pake na kuipiga hapo hapo. Rangi za picha hizo zimeelekea wekundu, kwa kuwa rangi zilizomo hazififii kwa mwendo mmoja, ilhali picha za rangi nyeusi na nyeupe za miaka ya 1960 zimesimama imara kuliko watoto wao.

Mpwa wangu, ambaye ndiye mjuzi wa kompyuta katika nyumba yetu, alinishauri kuziskani kwa nukta 600 kwa inchi, kwa sababu picha za zamani ni ndogo na kwa nukta chache usingeweza kuzikuza. Kosa letu lilikuwa kuzituma kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp. Dada wa Eldoret alizipeleka kuchapwa, zikatoka kama zimepigwa kupitia chandarua, kwani programu hiyo huzibana picha ili zisafiri upesi. Sasa tunazituma kama hati, wala si kama picha, na zinafika nzima.

Kufikia Desemba 2014 nilikuwa na picha 140 na saa nyingi za sauti, nikaandika. Niliandika kurasa 40 kwa Kiswahili, kwa sababu wajukuu wa Nakuru na Eldoret hawasikii Kibukusu, nikiacha majina na maneno ya mila kama yalivyo. Nilichapa nakala 30, nikazigawa nyumbani siku ya pili ya Krismasi, watu wote wakiwa wamekusanyika chini ya mwembe. Nilikuwa nimejivuna. Mjukuu mmoja aliketi karibu na Senge akimsomea. Alipofika kwenye ukurasa wa Babu, Senge alimzuia kwa mkono, akaniita. "Mayi, huyu uliyemwandika ni nani? Mimi simjui."

Nilikuwa nimeandika kwamba Babu alikamatwa mwaka 1948. Habari hiyo alinipa Baba mdogo, na iliingia vizuri sana katika historia ya nchi: mwaka huo, mnamo Februari, polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa huko Malakisi, dini hiyo iliyoongozwa na Elijah Masinde ikapigwa marufuku, na watu wengi wa kwetu wakatiwa mbaroni. Kwa Senge, Babu hakukamatwa hata siku moja. Alikuwa Trans Nzoia, kwenye shamba la mahindi la mzungu, na aliporudi alikuja na blanketi la kijivu ambalo yeye Senge alilitumia hadi alipoolewa. Tulikuwa na kipande cha Babu, ile hati ambayo sheria ya kikoloni ya mwaka 1915 ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika kuwa nayo, pamoja na alama za vidole vyake, na ambayo waliivaa shingoni katika kikebe cha chuma. Nilikimbilia hicho kama karani anavyokimbilia jalada. Sahihi ya mwisho ya mwajiri ni ya mwaka 1946. Baada ya hapo hakina neno, na kimya chake hakimsaidii Senge wala Baba mdogo.

Nakiri kwamba nilikasirika. Niliona kama Senge ameniharibia kazi ya miaka miwili kwa blanketi. Ilinichukua majira yote ya mvua yaliyofuata kuelewa kwamba kosa halikuwa kumwamini Baba mdogo. Niliandika jinsi nilivyofundishwa kazini, jalada moja, jambo moja, sahihi moja, nikaziyeyusha sauti za watu saba katika sauti moja isiyokuwa ya mtu yeyote, sauti ya kijitabu cha mazishi. Ndiyo maana Senge hakumtambua baba yake mle. Hata mimi, nilipoisoma upya, sikuweza kusema ni wapi niliambiwa nini na nani, ikabidi nirudi kwenye zile sauti za simu, saa baada ya saa, nikiandika pembeni mwa kila sentensi jina la mwenyewe.

Toleo la pili ni la 2016, nalo halina ulaini wa lile la kwanza. Linasema: Senge asema Babu alikuwa Trans Nzoia, na alirudi na blanketi la kijivu. Baba mdogo asema alikuwa kizuizini, na kwamba aliambiwa hivyo na Babu mwenyewe usiku mmoja walipokuwa wakilinda mahindi dhidi ya nyani. Kipande kinaishia 1946. Kuhusu koti: Mama asema lilikuwa la Baba, mwenzake wa Kisumu asema lilikuwa la studio, na picha tatu ziko ukurasa wa 9, kila msomaji ajitazamie. Kuhusu kuzaliwa kwa Baba nimeandika mistari mitano, na kitambulisho ni mmoja tu wa mashahidi. Senge aliposomewa alinyamaza, akaomba arudiwe sehemu ya Baba mdogo, kisha akaongeza jambo ambalo hakuwa amelitaja kwa miaka yote hiyo, kwamba Babu alipoulizwa na watoto alikuwa wapi, aliinuka akaenda kutazama ng'ombe. Nikaliandika chini ya jina lake.

Hati ninayoipenda kuliko zote haina picha. Mama hakusoma utotoni. Alijifunza kuandika katika madarasa ya ngumbaru, baada ya kampeni ya serikali ya kufuta ujinga kuanzishwa mwaka 1979, na daftari lake lipo. Kurasa za kwanza ni za herufi, zimeinama kama mahindi baada ya upepo. Baada yake, bila kuambiwa na mwalimu yeyote, ameorodhesha watoto wake wote saba, pamoja na mkunga wa kila mmoja na kazi iliyokuwa ikiendelea shambani siku hiyo. Mimi nilizaliwa palizi ya pili. Katikati ameandika bei ya gorogoro la mahindi na deni la jirani, ambalo sijui kama lililipwa.

Sasa kuna picha moja ninayopaswa kuisimulia. Ni mojawapo ya zile saba za mtaroni. Baba ameketi, Mama amesimama upande wa kulia wa picha, nyuma yao kuna pazia lililochorwa ngazi na vyungu vya maua. Ukingo wa kushoto umekatwa kwa mkasi, wima, kwa uangalifu, na juu ya bega la Baba kumebaki vidole vinne vya mwanamke na sehemu ya bangili nyembamba. Tulipoitumia kwenye matangazo ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, mpwa wangu aliikata zaidi ili vidole visionekane, na sikumzuia. Kisha nikaikuta nakala ya pili katika sanduku la Senge, Kitale, umbali wa siku nzima kwa gari moshi la wakati ule. Nayo imekatwa pale pale. Senge alinitazama nilipoiinua, akasema, "Mwulize mamako."

Nilikaa na swali hilo kwa karibu miaka mitatu. Nilipomwuliza, ilikuwa jioni, tukiwa wawili, na sikutumia kinasa sauti. Mama aliishika picha mbali kidogo na macho, kama anavyofanya siku hizi. "Mwenye mkono namjua," akasema. "Andika kwamba ni mkono." Kwa hiyo maelezo yaliyo chini ya picha hiyo katika albamu yetu yanasema: Kulia, Mama. Katikati, Baba. Kushoto, mkono. Ndugu wawili wamenilalamikia kwamba huko ni kuwasumbua wasomaji bure, afadhali picha iondolewe au siri itolewe. Nimewajibu kwamba picha ni ya Mama kabla ya kuwa ya familia.

Albamu mpya ziko tatu, sawa na zamani: moja hapa Nakuru, moja Webuye, moja Eldoret. Kurasa zake ni za karatasi isiyo na asidi, picha zimeshikwa kwa vipembe kama vile vya Baba, na faili za kompyuta ziko katika nyumba hizo tatu na katika hifadhi ya mtandaoni ambayo mpwa wangu ndiye mwenye funguo zake, jambo ambalo bado linanikosesha raha kidogo. Picha asili za Senge nilizirudisha kwake zote 31, kwani nilikuwa nimemwahidi hivyo, na alizihesabu mbele yangu.

Mwezi wa Aprili, nilipokuwa nikifunga kurasa za albamu ya Nakuru, Mama alikuja akaketi mezani, akaomba penseli. Akaitoa ile picha kutoka kwenye vipembe vyake, moja moja, bila kuikunja, akailaza kifudifudi juu ya kioo cha meza kama alivyoniona nikifanya, akanigeuzia bega. Aliandika polepole, kwa zile herufi zake za ngumbaru, na haikumchukua muda mrefu. Lilikuwa neno moja, au mawili. Kisha akairudisha mahali pake, akahakikisha vipembe vyote vinne vimeshika, akaenda kulala. Iko ukurasa wa 14. Sijaigeuza.